Sarafina, yule polisi, na sisi tunaopiga makofi



Vijana wenzangu, leo tutafakari jambo ambalo sisi mashabiki wa Sarafina hubishana nalo sana: filamu ikichukua mchezo wa jukwaani tunaoupenda na kuubadilisha, je, imetudhulumu?

Kwanza historia kidogo. Mbongeni Ngema wa Afrika Kusini ndiye aliyetunga Sarafina!, Hugh Masekela akishiriki kwenye muziki. Ilianza kuonyeshwa Johannesburg mwaka 1987, na mwaka 1988 ikafika Broadway, New York. Filamu ikatoka 1992, Leleti Khumalo akiwa Sarafina yuleyule wa jukwaani. Kisa kimetokana na wanafunzi wa Soweto walioandamana tarehe 16 Juni 1976 wakikataa kufundishwa kwa Kiafrikaans, wakapigwa risasi. Sisi Watanzania hatuko mbali na kisa hicho. Vijana waliokimbia nchi yao baada ya hapo, wengine walisomea hapa kwetu, Mazimbu, Morogoro, kwenye shule ya ANC iliyopewa jina la Solomon Mahlangu.

Sisi wa Kigoma Broadway hatukufika. Ya jukwaani tuliijua kwa wanafunzi wenzetu siku ya mahafali: sare za shule, ngoma, madawati yamesogezwa ukutani, ukumbi mzima unaitikia. Filamu tuliikuta kwenye kibanda umiza, na siku hizi iko kwenye simu. Ukiwa umeizoea ile ya jukwaani, filamu inakera kidogo. Kuna nyimbo hazimo. Mwalimu amepewa nafasi kubwa, tena anaigizwa na Whoopi Goldberg, Mmarekani. Halafu jukwaani uko nao chumba kimoja, unawapigia vigelegele nao wanakusikia. Kwenye filamu hata ukipiga kelele hakuna anayegeuka.

Malalamiko hayo nayaelewa. Lakini kuna sehemu moja ambayo kwangu inailipia filamu deni lote.

Kuna polisi mweusi anaitwa Sabela. Anaishi na watu wake huku anawatumikia wanaowakandamiza. Hasira za wanafunzi zinapofurika, wanamvamia na kumchoma moto. Ni wanafunzi wale wale tuliowasikia wakiimba Sala ya Bwana shuleni. Na anayemwigiza Sabela ni nani? Ni Ngema mwenyewe, aliyeutunga mchezo! Katika nafasi zote, amekaa kwenye ile ya mtu anayechukiwa na kila mtu.

Jukwaani, hata kifo kinaweza kuchezwa kama ngoma, nasi tukashangilia. Kamera inafanya kitu kingine. Inakusogeza karibu mpaka unaona kwamba anayeungua ni mtu. Ukitaka kupiga makofi, mikono inakuwa mizito.

Mtu ataniuliza, "Kwa hiyo unamtetea msaliti?" Hapana. Ubaguzi wa rangi ulikuwa dhambi kubwa, ulioua hata watoto, na filamu haifichi hilo. Sarafina mwenyewe anakamatwa na kuteswa. Wanafunzi wana haki. Ila haki yao haikigeuzi kile kifo kuwa kizuri. Ni fundisho gumu: ninaweza kuwa upande wa haki, na bado mikono yangu ikachafuka.

Liturujia yetu inalijua fundisho hili siku nyingi. Ijumaa Kuu yanaposomwa Mateso ya Bwana, sisi waamini tunasoma sehemu ya umati. Hatupewi sehemu ya Yesu. Tunasimama na kudai asulubiwe, kwa sauti zetu wenyewe, ili tusirudi nyumbani tukidhani waliomuua ni watu wengine.

Sasa tuje kwetu. Mwaloni Kibirizi, soko la Ujiji, stendi, popote: mtu mmoja akipaza sauti "Mwizi!", dakika mbili hazipiti, mawe yameokotwa na kuna aliyekwenda kutafuta tairi. Kesho yake tunaambiwa ni "wananchi wenye hasira kali". Wananchi hao ni kina nani? Wengine jana yake walikuwa kwaya. Kuibiwa kunauma, mvuvi aliyeibiwa nyavu ana haki ya kulia. Lakini anayepigwa ni mtu, ana mama, na pengine hata siye aliyeiba.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Filamu haitudhulumu kwa kupunguza nyimbo. Ingetudhulumu kama ingetuachia raha ya kushangilia tu. Kuwa mwaminifu kwa kitu unachokipenda ni kulinda ukweli uliomo ndani yake, hata pale unapokuchoma.

Wiki hii itazame tena Sarafina, ukiwa na rafiki. Ikifika sehemu ya Sabela, usiipeleke mbele. Na siku utakaposikia "Mwizi!", usiwe wa kuokota jiwe. Piga simu polisi, ita mwenyekiti wa mtaa, mpigie padre, simama hata peke yako useme, "Jamani, tumwache!"

Tuombe: Ee Yesu, uliyesimama mbele ya umati peke yako, utupe moyo wa kutafuta haki bila kuua. Amina.