Maiti wa Mbali na Mfiwa Wake

Kitenzi "kufa" cha Kiswahili kina mnyambuliko unaostahili kuangaliwa na kila anayeuliza kwa nini kifo kimoja hutangazwa kwa wiki nzima na kingine hupita kwa sentensi moja. Anayekufa humfia mtu fulani, na mtu huyo husemwa kuwa amefiwa. Yeye ndiye mfiwa, mwenye kifo kilichomfika pasipo kuwa chake. Msiba, basi, si kufa peke yake, bali ni uhusiano kati ya aliyekufa na aliyebaki, na ndiyo maana panapo msiba pana matanga, pana wanaokaa chini na wanaokuja kuhani. Vifo vya vita vya mbali, kama vinavyosomwa redioni, mara nyingi havina mfiwa: vina idadi. Swali ni kama tofauti hiyo ni dosari ya vyombo vya habari au ni umbile la huzuni yenyewe ya binadamu.

Ziwa Victoria limepokea maiti wa namna zote mbili. Mwezi Mei 1994, mauaji ya kimbari ya Rwanda yakiwa yamepamba moto tangu ndege ya Rais Habyarimana ilipotunguliwa usiku wa tarehe 6 Aprili, mto Kagera uliteremsha maiti kwa maelfu hadi ziwani, nao wakaopolewa na wavuvi na wanavijiji wa upande wa Uganda, huko Kasensero, Lambu na Ggolo, ambako wamezikwa zaidi ya 10,000. Miaka miwili baadaye, tarehe 21 Mei 1996, meli ya Mv Bukoba, iliyotoka Bukoba kupitia Kemondo ikiwa imejaza watu kupita uwezo wake wa abiria 430, ilipinduka ikikaribia Mwanza, na hesabu ya waliokufa inayotajwa mara nyingi ni 894. Tanzania iliomboleza kitaifa kwa siku tatu, na makaburi ya Igoma yangali mahali pa kumbukumbu. Si ajabu Mtanzania wa makamo, akiulizwa juu ya maiti wa ziwa hilo, akaitaja meli kwanza, ingawa wale waliotangulia walikuwa wengi zaidi na walikuja kwa maji yale yale.

Katika hilo hakuna hatia. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia, na kauli hiyo imeweka utaratibu bila kumfukuza mtu kiamboni. Mwanafalsafa Peter Singer, katika makala yake maarufu ya 1972 iliyotokana na masaibu ya wakimbizi wa Bengali ya Mashariki, alishikilia kwamba umbali hauna uzito wowote wa kimaadili, na kwamba mtoto anayeangamia ng'ambo ana haki ileile ya mtoto anayezama mbele ya macho. Hoja hiyo ina nguvu kubwa inapohusu msaada, kwa kuwa fedha husafirishwa; lakini machozi hayasafirishwi, na anayedai kuwalilia wote sawasawa huenda hajamlilia yeyote.

Hata hivyo gazeti halina ukoo, na hapo ndipo udhuru wa mfiwa unapokosa kulifaa. Watafiti Johan Galtung na Mari Holmboe Ruge, walipochunguza mwaka 1965 jinsi magazeti manne ya Norway yalivyoandika juu ya migogoro ya Kongo, Kuba na Kupro, walionyesha kwamba tukio huwa habari likitimiza masharti fulani, na miongoni mwake ni kwamba liwe la mara moja, liende na mwendo wa chombo kinachotoka kila siku, na liwahusu watu wanaofanana na wasomaji. Meli huzama asubuhi moja. Vita vya Kongo vilivyoanza 1998 viliua zaidi kwa malaria, kuhara na njaa kuliko kwa risasi, na kifo cha namna hiyo hakina saa ya kutangazwa. Shirika moja la misaada lilikadiria kuwa watu milioni 5.4 walipotea hadi 2007. Wataalamu wengine wakasema makadirio hayo yamekuzwa mno. Mwanza watu walibishana juu ya mamia, na ubishi wao uliumiza; juu ya Kongo wamebishana kwa mamilioni, na dunia haikuonekana kushtuka kwa kauli yoyote kati ya hizo mbili.

Fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, ina dhana mbili zinazofaa kuazimwa hapa, japo zenyewe zilikusudiwa maiti Muislamu. Ya kwanza ni faradhi kifaya, wajibu ulio juu ya jamii nzima, ambao wakiutimiza baadhi wengine husalimika, na asipoutimiza yeyote dhambi huwa ya wote; kumwosha maiti, kumkafini, kumsalia na kumzika ni katika wajibu huo. Wavuvi wa Kasensero, wa dini yoyote wawe, waliwatimizia walimwengu wote jambo la aina hiyo. Ya pili ni sala ya ghaibu, sala ya kumsalia maiti asiyekuwapo, ambayo asili yake ni Mtume Muhammad kuwapanga masahaba safu akamsalia Najashi, mfalme wa Habasha, aliyefia nchini kwake. Mashafii, ambao ndio wengi katika pwani ya Afrika Mashariki, waliijuzisha kwa ujumla. Mahanafi na Wamaliki waliikataa. Na Ibn Taymiyya akashika njia ya katikati, kwamba husaliwa kwa mbali yule aliyekufa mahali ambapo hakusaliwa.

Kauli hiyo ya katikati ndiyo nzito kuliko zote kwa suala la habari, kwa sababu inauliza kama maiti amepata mtu kwanza, kabla ya kuuliza yuko mbali kiasi gani. Vyombo vikubwa hufanya kinyume. Januari 2015 watu 17 waliuawa Paris kwa siku tatu, na viongozi zaidi ya 40 wa nchi na serikali wakaandamana pamoja na umma mkubwa. Katika siku zizo hizo Boko Haram waliushambulia mji wa Baga, Nigeria, ambako hata hesabu haikukubaliwa, serikali ikitaja 150 na wengine wakifikia 2,000. Wa Paris walistahili kila chozi, lakini walikwisha kusaliwa. Wa Baga ndio waliokuwa na haki ya ghaibu.

Wala umbali huu haupimwi kwa kilomita peke yake, na Tanzania haina haja ya kutazama ng'ambo ili kuuona. Orodha ya abiria wa Mv Bukoba ilikuwa na watu 443 wa daraja la kwanza na la pili. Daraja la tatu, ambalo tiketi yake ilikuwa rahisi kuliko zote, halikuwa na orodha.