Kuazima na kukopa: tujue tunachosema



Katika vinywa vyetu maneno mawili yamechanganyika. Mama anaazima sufuria kwa jirani, na jioni sufuria ile ile inarudi. Lakini akikopa unga, unga unaliwa. Anarudisha mwingine wa kipimo kile kile. Basi anayesema «uniazime feza» anajua vizuri kwamba noti zile hazitarudi. Feza inakopwa.

Tusome 2 Wafalme. Katika sura ya 6 shoka linaanguka ndani ya Yordani, na yule kijana analia kwa sababu ni la kuazima. Elisha analielesha, shoka lile lile. Lakini katika sura ya 4 mjane ana deni, na mwenye kudai anataka kubeba wana wake wawili wawe watumwa. Hapo nabii hafuti deni: anamwambia auze mafuta, alipe.

Alipe ngapi? Kutoka 22:25 inakataza kumdai ndugu maskini faida. Wengine wanauliza: na feza yetu inayokufa, tufanye namna gani? Swali ni la kweli. Mwaka 1993 zaire milioni 3 ziligeuka zaire mpya 1. Mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikawa faranga 1. Aliyekopesha bei ya gunia la mahindi alirudishiwa feza isiyotosha kibiriti! Kwa mawazo yangu, kuomba bei ya gunia lile moja si riba, ni kipimo kile kile. Vizuri zaidi mupatane kwa gunia tangu mwanzo. Lakini kumkopesha mwenye mgonjwa dola 100 na kudai 150 mwisho wa mwezi, kama wale tunaowaita Banque Lambert, hiyo ni riba, hata ukiiita matabishi.

Tena Kumbukumbu la Torati 24 inasema mwenye kudai asiingie nyumbani mwa ndugu kuchukua rehani, angoje nje. Na jiwe la kusagia asiliguse. Kwetu watu wanaingia mpaka chumbani, wanabeba godoro mbele ya watoto. Ndiyo maana wengine hawaji tena ibada: wanaogopa kukutana na mwenye kuwadai pale mlangoni.

Kwa hiyo, papa ao mama anayeshika kitu cha ndugu juu ya deni, apite kwa mashemasi Jumapili kisha ibada. Na mwenye deni aje vilevile. Tutaketi na wote wawili.