Ndoo Iliyoning'inizwa Bandani

Mbalamwezi ikikolea, wavuvi wengi wa dagaa hupumzika, na pale sokoni Mwaloni Kirumba bei hupanda, hata ya wale dagaa wa mchanga wanaonunuliwa kwa ajili ya kuku. Mfugaji mmoja wa Buswelu alichoshwa na bei hizo. Akasikia wenzake wanafuga funza, wanawapa kuku, gharama inashuka. Aliyoyasikia yalikuwa kweli, ila alisikia nusu.

Funza wanaosifiwa ni wa nzi mweusi mwembamba, ukimwona utadhani nyigu. Wataalamu humwita Hermetia illucens. Funza wake hulishwa mabaki ya mboga, matunda na pumba kwa wiki mbili hivi, kisha huvunwa na kukaushwa. Akikauka, protini yake hufika kama asilimia 40. Hamfikii dagaa, lakini anapunguza sana dagaa wanaohitajika kwenye mchanganyiko.

Mfugaji wetu hakutafuta nzi huyo. Alitoboa ndoo kitako, akaijaza matumbo ya sangara na kuku wawili waliojifia, akaining'iniza bandani. Nzi wa kijani wakaja wenyewe. Baada ya siku chache funza wakaanza kudondoka, kuku wanagombania, naye kasimama mlangoni anachekelea chakula cha bure.

Kuku wa kwanza alikutwa amelala kifudifudi, mabawa chini. Alipoinuliwa, shingo ilining'inia kama kamba mbichi, na manyoya yakabaki mkononi.

"Baba watoto, huu mdondo," mkewe akasema. Akakimbilia duka la dawa kununua chanjo.

Bwana mifugo alipofika aliangalia shingo kwanza. Ugonjwa wa mdondo huipinda, hii ilikuwa imelegea tu. Akauliza, "Mnawalisha nini?" Akaonyeshwa ndoo.

Ndani ya mzoga unaooza humea bakteria wa Clostridium botulinum, wanaotoa sumu kali ya kupoozesha. Funza anaila sumu hiyo wala hadhuriki, anabaki nayo mwilini. Kuku akidonoa funza hao anapooza, na chanjo ya mdondo haina kazi hapo.

Najua watu watasema kuku wa kienyeji wanachakura funza jalalani tangu enzi na hawafi. Wengine hufa, ila tunasema ni mdondo na kupika supu. Umoja wa Ulaya uliporuhusu protini ya wadudu kwenye chakula cha kuku mwaka 2021, ulikataza wadudu hao kulishwa samadi na makombo ya jikoni. Ukali huo una sababu: alichokula funza ndicho atakachokula kuku, na baadaye wewe.

Kwa hiyo anayetaka kuanza aombe mbegu ya funza kwa mfugaji anayemfahamu nzi mweusi, awalishe nyanya zilizopondeka, maganda ya ndizi na pumba. Na kuku akijifia bandani, mfukie kwenye shimo refu au mchome siku hiyohiyo.