Je, Kijana Aketiye Chini ya Mwembe ni Mvivu?

Mara nyingi mzazi arudipo shambani jioni humkuta mwanawe wa miaka kumi na minne ameketi na wenzake chini ya mwembe, wakitazama ziwa. Humkemea: « Mvivu wee! » Basi yafaa tujiulize: je, mzazi huyo amenena haki?

Uvivu ni kosa, hakuna abishaye. Mvivu ni yule aachaye wajibu wake ili wengine wauchukue. Lakini kupumzika baada ya kazi si uvivu. Hata Mwenyezi Mungu alistarehe siku ya saba.

Tuutazame umri wenyewe. Katika miaka hiyo mwili wa kijana hukua upesi, na moyo wake hauna utulivu: leo acheka, kesho anuna bila kujua sababu. Mahali pa wazi humfaa kwa njia tatu. Kwanza, mwili. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wautumikishe mwili walau wastani wa dakika 60 kwa siku. Mpira wa matambara watosha. Pili, usingizi: nuru ya mchana huusaidia mwili kutambua saa ya kulala. Tatu, moyo: penye upepo na kivuli hasira hupoa, na neno lisilotamkika mbele ya wazazi hutamkwa mbele ya rafiki.

Kwetu Kalemie jambo hili ni zito. Miaka ya 2016 na 2017 mapigano kati ya Waluba na Wabatwa yaliwafukuza watu wengi vijijini mwao, wakaja kukaa makambini kandokando ya mji. Watoto wa siku zile ndio vijana wa leo. Watazoeana wapi, kama si uwanjani, wakifuata mpira mmoja? Tena mwaka 2024 maji ya ziwa yalipanda, yakafunika ufuko na kuingia nyumbani mwa watu. Nafasi ikipungua, kila mtu huutamani uwanja ulio wazi, naye kijana hana sauti barazani. Amnyang'anyaye mahali pake kwa sababu hawezi kujitetea, amemdhulumu.

Labda mtasema: nje kuna hatari. Ni kweli. Majini mna mamba na kichocho, na maji machafu huleta kipindupindu. Marafiki wabaya nao wapo. Lakini hatari yadai mlinzi, haidai kifungo. Mkubwa mmoja akiketi karibu akishona wavu wake, vijana watacheza salama.

Na binti je? Mtasema yeye yuko nje kila siku, akiteka maji na kuokota kuni. La, ndugu. Ndoo kichwani si pumziko. Kaka yake akienda uwanjani, naye akabaki na mizigo ya wawili, hapo ndipo uvivu ulipo, wala si kwake.

Basi, enyi wazazi, gawanyeni kazi kwa haki. Kazi ikiisha, wapeni wote saa yao. Msiukate mwembe, msiuuze uwanja. Na jioni mkimkuta mtoto chini ya mti, muulizeni kwanza: « Umemaliza kazi, mwanangu? » Akijibu ndiyo, mwacheni aketi.