Pointi Moja na Nusu: Swali la Haki Mlangoni mwa Chuo Kikuu

Mwaka 1990 Chuo Kikuu cha Makerere kiliamua kwamba kila msichana mwenye sifa za kujiunga nacho aongezewe pointi 1.5 juu ya matokeo yake ya mtihani wa mwisho wa sekondari, kabla nafasi hazijagawanywa. Nyongeza hiyo haikumwingiza mtu asiye na sifa. Kila aliyenufaika nayo alikuwa tayari amefaulu masomo mawili au zaidi kwa kiwango kilichotakiwa, na pointi zilimsogeza mbele tu katika foleni ya waliofaulu. Wakati huo wanawake walikuwa takriban robo ya wanafunzi wote. Mwaka uliofuata ilifunguliwa Idara ya Taaluma za Wanawake, ambayo leo ni Shule Kuu ya Taaluma za Wanawake na Jinsia, na baadaye kikaanzishwa kitengo cha kuingiza masuala ya jinsia katika uendeshaji wa chuo, kilichokuja kuwa kurugenzi. Vyombo hivyo viwili vinafanya Makerere kazi inayofanywa kwingineko na vituo vya wanawake vya vyuo vikuu, kama kile kilichoanzishwa Minnesota, Marekani, mwaka 1960: utafiti, ushauri, ufadhili na kusimamia sera.

Makerere haikuanza na wanawake. Ilipofunguliwa mwaka 1922 kama shule ya ufundi, wanafunzi wake 14 wote walikuwa wavulana, na kaulimbiu yake iliwahimiza wawe wanaume. Kaulimbiu hiyo ilibadilishwa mwaka 1945, walipopokelewa wanawake sita wa kwanza, ikawa ya kujenga kwa ajili ya siku zijazo. Kuruhusiwa kuingia, hata hivyo, hakukumaliza jambo. Miaka 45 baadaye mlango ulikuwa wazi kwa wote, lakini katika kila wanne waliopita mmoja tu alikuwa mwanamke. Hapo ndipo swali la falsafa linapoanzia: mlango ukiwa wazi kwa wote na kipimo kikiwa kimoja, haki inadai nini zaidi?

Wanaojibu kwamba haidai zaidi wana hoja ambayo haifai kubezwa. Mtihani ni mmoja, msahihishaji anaona namba ya mtahiniwa na haoni jinsia yake, na pointi 15 ni 15, ziwe za nani. Kumwongezea mmoja ni kumpunguzia mwingine, kwa kuwa viti vina hesabu. Mvulana anayekosa kiti kwa nusu pointi hakumdhulumu mtu, na huenda kwao ni maskini kuliko kwa msichana aliyempita. Watetezi wanaoegemea hoja ya deni, kwamba wanawake wanalipwa walichonyimwa mama na bibi zao, hukwama hapa. Deni hulipwa na aliyekopa kwa aliyemkopesha. Katika foleni ya udahili anayelipa si aliyedhulumu, na anayelipwa si yule aliyedhulumiwa. Sera hii ikitegemea fidia peke yake, haisimami.

Msingi imara zaidi unapatikana kwa Aristotle, ingawa yeye mwenyewe hakuwa rafiki wa usawa wa wanawake. Katika kitabu cha tatu cha Siasa anauliza filimbi bora apewe nani kati ya wapigaji, na anajibu: mpigaji bora, hata kama wengine wanamzidi kwa nasaba au sura. Kipimo cha mgawo kinatokana na kazi ya kitu kinachogawiwa. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza nani anastahili kiti cha chuo kikuu, inabidi kuuliza kiti hicho ni cha kazi gani. Kikiwa ni zawadi ya matokeo yaliyopita, nyongeza ya pointi ni udanganyifu, sawa na kumsogezea mkimbiaji utepe wa mwisho. Lakini vyuo vya umma vya Afrika Mashariki havikujengwa kwa kodi za wakulima ili kutoa zawadi. Vilijengwa viandae madaktari, walimu, wahandisi na mahakimu, na kwa kazi hiyo matokeo ya mtihani ni ushahidi wa kile mtu anachoweza kuja kufanya. Ushahidi hausomwi bila kutazama mazingira uliyotoka.

Hoja hiyo ilipewa umbo lake linalojulikana zaidi na Mwingereza Bernard Williams mwaka 1962, katika insha yake kuhusu wazo la usawa. Anaiwazia jamii inayowaheshimu sana mashujaa wa vita, wanaochaguliwa kutoka familia tajiri pekee. Wanamageuzi wanabadilisha utaratibu: sasa atakayeshinda shindano la nguvu atakuwa shujaa, awe mtoto wa nani. Matokeo hayabadiliki. Watoto wa matajiri wanaendelea kushinda, kwa sababu wengine wana utapiamlo. Shindano ni la wazi na waamuzi hawali rushwa, lakini ni vigumu kusema kwamba maskini wamepewa nafasi sawa, ikiwa kinachowashinda ni njaa ambayo jamii ingeweza kuiondoa. Williams hadai kwamba waliolegea kwa njaa wapewe ushujaa hivyo hivyo. Anachosema ni kwamba aliyetangaza usawa wa nafasi hajamaliza kazi yake mpaka aiguse njaa yenyewe.

Badala ya chakula, weka muda wa kusoma, ada na usalama, na mfano huo unaishi Uganda, Tanzania au Kenya. Familia isipomudu ada ya watoto wawili, mara nyingi anayebaki nyumbani ni msichana. Anayebahatika kuendelea hurudi kutoka shule akakuta ndoo ya maji, kuni na wadogo zake wakimsubiri, wakati kaka yake ana saa moja au mbili za mwanga wa kusomea. Mimba humwondoa darasani msichana, na mara nyingi mvulana aliyeshirikiana naye hubaki. Anayevuka yote hayo akapata pointi 14 huenda ameonyesha uwezo usiopungua ule wa aliyepata 15 kwa njia laini.

Kanuni moja kwa wote inaweza kuumiza upande mmoja pasipo aliyeitunga kukusudia hivyo, na Tanzania ina mfano wake. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka wahitimu wa sekondari wafanye kazi kwanza ndipo waombe nafasi chuo kikuu, baada ya kupendekezwa na sehemu zao za kazi na chama tawala. Azimio halikutaja jinsia, na nia yake, kuwafanya wasomi wasijitenge na wafanyakazi na wakulima, ilikuwa njema. Lakini kwa msichana miaka hiyo ya kazini ndiyo miaka ya kuolewa na kuzaa. Idadi ya wanawake walioingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ikashuka, na ndani ya miaka michache serikali ikawaondolea sharti hilo. Waliotazama karatasi wangeweza kusema kwamba wanawake wamependelewa. Kwa kweli ulikuwa ni upendeleo wa wanaume uliokuwa ukiondolewa.

Hata hivyo, mfano wa Williams unaikosoa pia Makerere. Pointi 1.5 zilitolewa kwa kila msichana kwa kuwa ni msichana. Binti wa daktari wa Kampala aliyesoma bweni katika shule yenye maabara alizipata, na binti wa mfugaji wa Karamoja alizipata zile zile. Kwa kuwa wa Karamoja mara nyingi hakufika hata kwenye mtihani, waliovuna zaidi walikuwa wa kundi la kwanza. Ukosoaji huu, uliotolewa na watafiti wa Makerere yenyewe, una uzito kuliko malalamiko ya wavulana. Haudai kwamba wanawake wamepewa kupita kiasi. Unadai kwamba waliopewa ndio walioumizwa kidogo zaidi. Isitoshe, nyongeza haikuchagua fani: wanawake walifurika katika sheria, elimu na sayansi za jamii, na uhandisi ukabaki wa wanaume kwa sehemu kubwa. Na ongezeko lao lote, lililowafikisha zaidi ya asilimia 40 ya wanafunzi katika miaka ya 2000, halikutokana na pointi peke yake. Tangu mapema miaka ya 1990 Makerere ilipokea pia wanafunzi wa kujilipia, na familia nyingi za mijini ziliwalipia mabinti.

Ndiyo maana programu zisizovuma sana zina msingi bora wa kimaadili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa fedha za Carnegie Corporation ya New York, Makerere na Dar es Salaam zilianzisha ufadhili wa wanafunzi wa kike, uliotazama hali ya familia na kuwapa kipaumbele wanaosoma sayansi. Kabla ya hapo, katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, Dar es Salaam ilikuwa imebuni mafunzo ya awali: wasichana waliofaulu fizikia, kemia na hisabati lakini wakakosa pointi za kuwaingiza kwenye fani za sayansi walifundishwa kwa wiki kadhaa, wakapewa mtihani, na waliofaulu wakadahiliwa. Huku si kuongeza pointi kwenye karatasi; ni kumlisha mwenye njaa kwanza, ndipo ashindane. Pia kunapunguza kejeli. Wanafunzi wa kike wa Makerere waliitwa kwa hesabu ya pointi zao za nyongeza, hata wale ambao wangeingia bila hizo, ilhali aliyefaulu mtihani wa mafunzo ya awali ana jibu la kumpa mdhihaki. Dosari yake ni gharama: mafunzo yenye mwalimu na bweni kwa wachache yanahitaji fedha kila mwaka, na nyongeza ya pointi inahitaji kikao kimoja tu.

Yote hayo yanahusu mgawo wa viti. Lakini mwaka ule ule wa 1990, Makerere ilipoanza kuongeza pointi, mwanafalsafa wa Marekani Iris Marion Young alichapisha kitabu kuhusu haki na siasa za tofauti, akiwalaumu wenzake kwa kuifanya haki iwe ugawaji mtupu. Dhuluma nyingi, alisema, ni za kutawaliwa: mtu kuwa na uwezo wa kuamua mambo ya mwenzake bila kuwajibika. Chuo kikuu ni mahali pazuri pa kuithibitisha hoja hiyo. Mhadhiri ndiye anayetunga mtihani, ndiye anayeusahihisha, na wakati mwingine ndiye anayesimamia tasnifu. Akidai rushwa ya ngono, msichana aliyepata kiti kwa haki anakikalia kwa hofu. Makerere ilipitisha sera dhidi ya unyanyasaji wa kingono mwaka 2006, na mwaka 2018 ikaunda kamati ya uchunguzi chini ya mwanasheria Sylvia Tamale, mwanamke wa kwanza kuongoza kitivo chake cha sheria. Tanzania iliifanya rushwa ya ngono kuwa kosa la jinai katika sheria ya rushwa ya mwaka 2007. Kwa kipimo cha Young, dawati la malalamiko linaloaminika, na utaratibu wa kumpa mhadhiri mwingine karatasi zisahihishwe upya, ni kazi ya haki kama ulivyo ufadhili wowote.

Linabaki suala la muda. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1979 wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake unakubali, katika kifungu cha 4, hatua maalumu za kuharakisha usawa, kwa sharti kwamba zikome lengo likitimia. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, kifungu cha 32, nayo inaagiza hatua kama hizo kwa makundi yaliyoachwa nyuma kwa sababu ya jinsia, umri, ulemavu au historia. Ugumu uko kwenye kujua lini lengo limetimia. Jumla ya wanafunzi wa chuo kizima ni kipimo kibovu, kwa sababu wanawake wakiwa wengi katika ualimu huficha uchache wao katika uhandisi wa umeme. Kwa mantiki ya Aristotle, hesabu ifanywe fani kwa fani. Kwa mantiki ya Williams, ifanywe pia wilaya kwa wilaya na shule kwa shule. Nyongeza ikipimwa hivyo, itakoma mapema kwa binti wa Kampala anayeomba sheria, na itadumu kwa binti wa Karamoja anayeomba fizikia. Kwa mantiki hiyo hiyo, mvulana wa Karamoja naye ana dai ambalo chuo hakiwezi kulikataa kwa sababu tu ya jinsia yake.