Tiketi Moja ya Mungu, Nne za Gari



Kijana mwenzangu, leo tuzungumze kuhusu bahati nasibu ya gari. Ndiyo, ile inayotangazwa mwisho wa Misa: gari limeegeshwa nje ya kanisa, limefungwa utepe, na vijana tumesimama mlangoni na vitabu vya tiketi. Nami nimewahi kusimama pale. Nilikuwa kwenye kamati, tukitafuta fedha za kumalizia wodi ya wazazi katika zahanati ya parokia. Lengo zuri kabisa. Tiketi moja ilikuwa shilingi 5,000.

Jumapili moja akapita mama wa jumuiya yetu, muuza vitumbua. Akanunua tiketi moja. Mimi nilitaka kitabu changu kiishe, basi nikamwambia, "Mama, moja haitoshi! Chukua tano, nafasi inakuwa kubwa. Hilo gari linakuita." Akacheka, akafungua fundo la kanga, akatoa 20,000 nyingine.

Jumatatu hakuonekana na vitumbua. Jumanne pia hakuonekana. Baadaye nikaja kujua kwamba ile ilikuwa hela ya mchele na mafuta.

Droo ikapita, gari likaenda kwa mwingine. Tulipokutana, mama akaniuliza swali moja tu: "Hivi mwanangu, tiketi zilikuwa ngapi?"

Zilikuwa 6,000. Nilijua tangu mwanzo. Sikumwambia.

Hebu tupige hesabu ambayo sikuipiga siku ile. Usiogope, Yesu mwenyewe anasema habari za mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba kwanza anakaa chini na kuhesabu gharama (Lk 14:28). Kuhesabu si kukosa imani.

Tiketi 6,000 kwa shilingi 5,000 ni milioni 30. Gari tulilinunua kwa milioni 15. Kwa hiyo katika kila 5,000 ya muumini, 2,500 ilikwenda kulipia gari. Nusu iliyobaki ndiyo ya zahanati, na humo bado hujatoa gharama ya kuchapa tiketi na matangazo. Yule mama alipotoa 25,000, akina mama wajawazito walipata pungufu ya 12,500. Kama angetoa 12,500 mkononi bila tiketi, zahanati ingepata kilekile au zaidi, naye angebaki na mtaji wake.

Na nafasi ya kushinda? Tiketi moja ni nafasi moja katika 6,000. Tano ni moja katika 1,200. Sikudanganya niliposema nafasi inakuwa kubwa, imekua mara tano kweli! Lakini fikiria kanisa lililojaa watu 1,200, halafu anaitwa mmoja tu asimame. Ndiyo nafasi niliyomuuzia kwa hela ya mchele. Na ukitaka uhakika kamili, nunua tiketi zote: utalipa milioni 30 upate gari la milioni 15.

Kuna jambo jingine ambalo hatulisemi. Tuseme zimeuzwa tiketi 2,000 tu. Hapo nafasi yako ni nzuri zaidi, moja katika 2,000. Lakini makusanyo ni milioni 10, na gari ni milioni 15. Parokia imeingia hasara ya milioni 5! Umeona? Kinachokuza nafasi yako ndicho kinachoipunguzia zahanati. Ukipiga magoti kuomba wengine wasinunue ili ushinde wewe, unaomba wodi isiishe. Je, hiyo bado ni sadaka?

Sasa usije ukasema nalaani bahati nasibu zote. Hapana. Hata Vatikano iliwahi kuchezesha. Papa Fransisko, Mungu amrehemu, alitoa zawadi alizopewa yeye zishindaniwe ili kusaidia maskini. Tiketi ilikuwa euro 10, zawadi ya kwanza gari aina ya Fiat Panda, na droo ilifanyika tarehe 8 Januari 2015. Tazama tofauti na yetu: lile gari lilikuwa zawadi. Hakuna aliyekatwa nusu ya sadaka yake ili linunuliwe. Na mwaka 2017 alipewa Lamborghini. Lilipigwa mnada mwaka 2018, fedha zikaenda kwenye kazi za huruma, zikiwemo za kuwajengea upya makazi Wakristo wa Bonde la Ninawi kule Iraq. Aliyelinunua alijua analipa nini na anapata nini.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2413, inatufundisha kwamba michezo ya bahati yenyewe si kinyume cha haki. Inakuwa mbaya pale inapomnyima mtu kile anachohitaji kwa ajili yake na wanaomtegemea. Tena inaonya kwamba tamaa ya kubahatisha inaweza kumfanya mtu mtumwa. Sasa soma tena habari ya mama wa vitumbua. Hela ya mchele ndiyo hicho anachohitaji. Aliyemshawishi nilikuwa mimi, na rozari shingoni.

Biblia nayo ina kura za aina mbili. Mitume walipiga kura, ikamwangukia Mathia (Mdo 1:26). Waliomba kwanza, na hakuna aliyetafuta faida. Askari nao walipiga kura chini ya msalaba, wapate vazi la Yesu (Yn 19:24). Huku juu mtu anakufa kwa ajili yao, huku chini wao wanawaza nguo. Ndugu yangu, tunaponunua tiketi ya zahanati huku macho yote yako kwenye gari, tumesimama karibu na nani?

Basi, tufanyeje? Kama wewe ni mnunuzi, jiulize swali moja: kusingekuwa na gari, ningetoa hela hii? Ikiwa ndiyo, nunua kwa furaha, hiyo ni sadaka yako, na ukishinda umshukuru Mungu. Ikiwa hapana, jua kwamba unabahatisha, na jina la maskini umelitumia kama kifuniko. Usiguse hela ya kodi, ya ada wala ya mtaji. Na usikope.

Kama uko kwenye kamati, andikeni ukweli kwenye tiketi: zimechapwa ngapi, gari limenunuliwa au limetolewa, na zahanati itapata kiasi gani. Baada ya droo, somweni hesabu mbele ya waumini. Sheria ya Kanisa, kanuni 1267, inadai sadaka iliyotolewa kwa lengo fulani itumike kwa lengo hilo. Na kwa hapa Tanzania michezo hii inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, kwa hiyo anzieni huko kabla ya kuchapa chochote. Kila mnapoweza, chagueni njia fupi: ombeni mchango wazi. Yule mjane wa Injili alitia senti zake mbili hekaluni (Mk 12:41-44), na hakupewa namba ya droo.

Mimi niliungama. Lakini padre aliniambia kuungama hakumrudishii mama mchele. Nikaenda kwake na 20,000, nikamweleza hesabu yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, ile tiketi ya kwanza nilimpa Mungu, wala sikuijutia. Hizo nne ndizo zilizoninyima usingizi. Nne nilinunua gari."

Akaipokea ile hela. Kesho yake asubuhi nilipita, vitumbua vilikuwepo.

Tuombe: Ee Bwana Yesu, uliyemwona mjane na senti zake, tufundishe kutoa bila kuvizia. Ondoa ndani yetu tamaa inayovaa kanzu ya huruma. Utupe ujasiri wa kusema ukweli hata unapopunguza makusanyo, na utukumbushe kurudisha tulichochukua. Amina.

Wiki hii, kabla ya kununua au kuuza tiketi yoyote, uliza kama yule mama: ziko ngapi? Mungu akubariki.