Nani Amjibie Mtoto?



Katika ubatizo wazazi wa ubatizo humjibia mtoto mchanga. Katika Kipaimara husimama mwenyewe mbele ya Askofu akajijibia. Kati ya siku hizo mbili ipo miaka mingi ambayo mtoto ana neno la kusema, lakini hajajua bado uzito wake. Tumeyakumbuka hayo kwa sababu ya jambo lililowasumbua sana ndugu zetu wa Uingereza.

Wapo watoto ambao hupata dhiki kubwa kwa kuwa mwili waliozaliwa nao haupatani na vile wanavyojihisi moyoni. Msichana hastahimili kuitwa msichana, au mvulana kuitwa mvulana, na balehe inapoanza dhiki huzidi. Tusiwacheke. Baadhi yao huacha shule, na wengine hutamani kufa.

Katika miaka ya 1990 madaktari wa Uholanzi walianza kuwapa baadhi ya watoto hao dawa za kuzuia balehe. Dawa zenyewe hazikuwa ngeni, maana zilitumika kwa watoto wadogo wanaobalehe mapema mno. Nia ilikuwa njema: mtoto apate nafasi ya kufikiri. Kuanzia mwaka 2011 kliniki moja ya London iliwajaribu nazo watoto 44 wenye miaka 12 hadi 15. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2021 ilionekana kwamba 43 kati yao waliendelea hadi kupewa homoni za jinsia nyingine. Je, hiyo ilikuwa nafasi ya kufikiri, au njia isiyo na pa kugeukia? Watetezi wake hujibu kwamba watoto walichaguliwa vizuri, basi. Huenda. Hesabu ni ile ile, nayo yasomeka kwa namna mbili.

Keira Bell, aliyeanza dawa hizo akiwa na miaka 16 na baadaye akajuta, alikwenda mahakamani. Mwaka 2020 majaji walisema ni vigumu mtoto wa chini ya miaka 16 kuzielewa dawa hizo kiasi cha kuzikubali. Mwaka 2021 Mahakama ya Rufani ikatengua, ikasema hilo ni la madaktari kupima, si la majaji.

Sisi twaona swali lenyewe liliwekwa pasipo pake. Mwezi wa Aprili 2024 Daktari Hilary Cass, bingwa wa magonjwa ya watoto, alitoa ripoti yake baada ya uchunguzi wa karibu miaka minne, akasema ushahidi juu ya dawa hizo ni dhaifu. Mtoto wa miaka 13 angeelewaje jambo ambalo wakubwa wenyewe hawakuwa na hakika nalo? Kumwambia, "Ulikubali mwenyewe," ni kumtwika mzigo uliokuwa wetu. Mzazi hampi mtoto panga kisha akamlaumu kwa jeraha.

Mwezi wa Desemba 2024 serikali ilizuia dawa hizo, kwa shabaha hiyo, kwa walio chini ya miaka 18, bila kuweka mwisho. Vyama vikubwa vya madaktari huko Marekani havikukubaliana na njia hiyo. Sisi twaelekea upande wa tahadhari, ila hatuwezi kushangilia. Kungoja nako ni kutenda: balehe haisubiri kamati, na sauti ya mvulana ikishavunjika hairudi. Kijana aliyekuwa akitumaini dawa ameambiwa hapana, na ana haki ya kuuliza, "Sasa mtanipa nini?"

Hapo ndipo tunapoona aibu kubwa zaidi. Mwaka 2011 hadi 2012 watoto waliopelekwa kliniki ile hawakufika 250. Miaka kumi baadaye walizidi 5,000 kwa mwaka. Wengi walikuwa pia na huzuni nzito au usonji, nayo hayo mara nyingi hayakushughulikiwa, kwa kuwa kila mmoja aliwasukuma kwa mwingine. Wengine walingoja zaidi ya miaka miwili kabla ya kuonana na mtu yeyote. Aliyeandikishwa akiwa na miaka 14 aliitwa akiwa amepita 16.